Viti Visivyolala

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa mtu! Duara letu, shimo letu la machimboni, hatimaye limetoa dhahabu, mgawo wangu uko mfukoni, na leo nimetoka Buseresere hadi yadi ya muuza magari Januari pale Geita kuchagua gari. Gari hasa, la kukanyaga matope. Kumbe lina madaraja matatu. La chini: viti vya kitambaa, vioo vya kuzungusha kwa mkono, viti vya nyuma vinalazwa vyote hadi mtu anajinyoosha. Lipo yadini, leo leo. La kati: vioo vya umeme na kamera ya nyuma. La juu: viti vya ngozi, paa linalofunguka, friji katikati ya viti viwili vya nyuma. Hilo liko Dar.

La chini nimelicheka. La kati analo Gregory. Gregory ni mwanyumba wangu, amemwoa mdogo wa mke wangu, anafanya kazi mgodi wa almasi wa Mwadui na hasahau kukwambia. Siwezi kuwa sawa na Gregory.

Jioni mke wangu Anisia amepiga simu kutoka kwao Ushirombo, anakomuuguza baba yake. Daktari amesema mzee apelekwe Mwanza, tena apelekwe amelala, maana mgongo hauvumilii kukaa. Nimemwambia asihofu, gari linakuja.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimepakwa kwenye paji la uso, nikaenda nayo hivyo hivyo yadini. Gari la juu limeshaondoka Dar. Nimelipa. Januari akaniuliza tena kama sitaki lile la kitambaa, kwa kuwa nilimgusia habari za mgonjwa. Wengine hawaoni mbali kabisa!

Nikampigia Anisia kumpa habari njema. Akauliza kama lina pa kulala. Nikamwambia lina friji. Akanyamaza muda mrefu. Mtandao wa huko mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Gregory ameingia Ushirombo na gari lake, anataka kumbeba mzee.

Mzee Apolinari! Katika ukoo wote wa ukweni, ndiye peke yake aliyewahi kuniamini. Nilipokwenda kuposa na viatu vya kuazima, wanawe walicheka waziwazi. Yeye akasema kijana huyu atafika. Krismasi nilimwahidi mbele ya wote kwamba nikinunua gari, yeye ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza. Sasa Gregory aninyang'anye?

Nimeomba nipewe mzee kwenye simu. Shikamoo. Marahaba, kwa sauti ya chini mno. Nikamsihi anisubiri mpaka Jumamosi, asipande gari la mtu. Akasema, "Nitakusubiri, baba. Usikimbize gari."

Gregory amerudi Mwadui bila abiria. Ha! Nimeagiza soda mbili kujipongeza. Ya pili nimeiacha nusu, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Limefika! Saa tisa alasiri. Jeusi, linang'aa, viti bado vina nailoni zake. Sitazitoa, watu wajue ni jipya kwangu. Nimejaribu kulaza viti vya nyuma. Havilali. Vinaegemea kidogo halafu vinagoma. Nitaweka mito.

Anisia amepiga, akapiga tena: njoo leo hii. Lakini nikiondoka sasa nitafika giza limeingia, na gari jeusi gizani nani ataliona? Nitaondoka alfajiri, niingie watu wakitoka misa. Ni usiku mmoja tu. Nimeshajaza friji maji ya kunywa ya mzee.

Jumapili, 9 Machi

Nilipiga honi tangu barabarani, paa wazi. Nikasikia sauti za wanawake uani, nikadhani ni vigelegele. Nikazidisha honi.

Mzee amefariki alfajiri.

Nimesimama pale na funguo mkononi, watu wananitazama. Nina aibu. Nina uchungu. Sijui kipi kimetangulia. Maji kwenye friji yamekuwa baridi kweli kweli.

Jumanne, 11 Machi

Tumemzika. Jeneza halikuingia kwenye gari langu. Tulijaribu kwa mlango wa nyuma, tukajaribu kwa ubavuni, umati wote wa Ushirombo umesimama unaangalia. Mmoja akaonyesha paa. Likaenda kwenye gari la Gregory, daraja la kati, viti vimelazwa. Mimi nikafuata nyuma na masufuria ya chakula cha msibani.

Baadaye mama mkwe, Mama Klara, akaniketisha. Aliongea taratibu, bila hasira yoyote. Alisema Jumamosi asubuhi mzee aliomba anyolewe ndevu. Akavaa shati lake la Krismasi. Usiku akakataa kuvuliwa viatu, eti mkwe anaweza kufika wakati wowote.

Nimelia ndani ya gari, vioo nimepandisha vyote. Kila nilipojisogeza nailoni zilipiga kelele, na watu wakageuka. Nimerudi Buseresere peke yangu. Anisia amebaki, hakusema anarudi lini.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kubwa wiki nzima. Na leo Anisia amepiga! Mara ya kwanza tangu mazishi. Udongo wa kaburi unachukuliwa na maji, anataka lijengewe haraka, kwa saruji ya kawaida na msalaba juu yake. Gregory ameshapeleka mifuko. Anisia amesema nije kesho, hata kwa bodaboda, tujenge kwa pamoja, kisha tuzungumze habari za yeye kurudi nyumbani. Nusura nidondoshe simu kwa furaha. Nyumba hii bila yeye haikaliki.

Nikawasha gari mara moja, nikapitia kwa fundi wa makaburi pale Geita, kupata ushauri tu. Kumbe nayo yana madaraja matatu! La chini, saruji. La kati, vigae. La juu, marumaru nyeusi, picha ya marehemu imechongwa usoni, inaagizwa Mwanza. Saruji ya Gregory juu ya mzee wangu? Sikubali! Nimelipia marumaru.

Nimempigia Anisia kwamba mtu asiguse kaburi, na mimi nitakuja nayo ikishafika. Akauliza itafika lini. Nikamwambia fundi hajasema, ila haichelewi. Simu ikakatika. Mtandao wa huko mbaya sana.

Mvua inazidi. Lakini mzee mwenyewe hana neno. Atanisubiri.