Warsha Kumi na Moja za Lupepo

Itangazwe kwa wananchi wote wa Tukuyu na vitongoji vyake kwamba kipindupindu kimekwisha. Kilikwisha rasmi tarehe mosi Machi mwaka 1999, saa nne asubuhi, pale Bulyaga, Bwana Hezron, Mratibu wa Ofisi ya Ufufuaji wa Jamii, alipotamka hivyo kwenye kipaza sauti. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeondoka tangu Novemba, lakini uliondoka bila barua, kwa hiyo haukuhesabika.

Kilichobaki ni Waraka Namba Saba, uliopiga marufuku kupika na kula kwenye misiba, harusi na ubatizo. Wakati watu wanaharisha ulikuwa na maana yake. Sasa hakuna aliyeharisha, ila waraka ulikuwa mzima wa afya, na watu wa kata ya Lupepo walizika ndugu zao wakarudi makwao na njaa. Msiba bila chakula, jamani! Mtu katoka Nkunga kwa miguu kuja kulia na wewe, umrudishe hata kikombe cha chai hajagusa? Hiyo ni aibu ya kutembea umefunika uso.

Siku moja akaja ofisini Ikupa, mjane aliyewaongoza akina mama wa msiba wa Lupepo. Hao ndio waliochemsha maji ya kata nzima wakati wa ugonjwa na kuchimba vyoo, huku Ofisi ikiandaa nembo yake.

"Bwana Mratibu, tunaomba waraka ufutwe. Mume wangu nimemzika watu wakitazamana tu. Sitaki mama mkwe wangu naye aondoke hivyo."

"Pole sana, mama." Hezron alimhurumia kweli, moyo alikuwa nao, ila ulikwenda kwa ratiba. "Waraka unafutwa kwa mapendekezo ya asasi ya kiraia. Nyinyi ni asasi?"

"Sisi ni akina mama."

"Hapo sasa. Mna katiba? Dira? Muhuri? Mmeshaendesha warsha?"

"Warsha ndiyo nini?"

"Watu wanakusanyika, wanasaini mahudhurio, anakuwepo mgeni rasmi, wanajadili changamoto, wanakula."

"Wanakula?"

"Lazima wale. Waraka haugusi warsha. Warsha si mkusanyiko, mama, ni mchakato."

"Ndaga fijo," Ikupa akashukuru, akatoka kwa haraka ambayo Hezron aliichukulia kuwa ni ari ya maendeleo.

Ndani ya miezi minne Lupepo ilileta katiba, dira, muhuri, na mahudhurio ya warsha kumi na moja. Watu mia mbili, mia tatu, moja ilifika mia nne na arobaini! Ofisi yenyewe ilikuwa imeendesha warsha moja, watu tisa, wawili kati yao walipotea njia. Ombi la kufuta waraka Hezron aliliweka trei ya chini. Mambo yakienda vizuri hivi, haraka ya nini? Lupepo hakukanyaga, matope yale aende kufanya nini. Lakini taarifa ya mkoani ilihitaji nyamanyama, akaitia: warsha zote alizifungua yeye, na kila mgeni rasmi alihutubia saa nzima na kujibu maswali ya washiriki. Akaituma, akaanza kuota cheo Mbeya.

Mkoa ukajibu kwamba mkaguzi, Mama Veronika, angekuja Jumanne kuhudhuria warsha ya kumi na mbili.

Hezron akakimbilia Lupepo kumwarifu Ikupa.

"Jumanne?" Ikupa akaangalia chini. "Bwana Mratibu, warsha zetu hatupangi tarehe sisi."

"Anapanga nani?"

"Mungu. Mgeni rasmi akishakata roho, ndiyo tunabandika sufuria."

Hezron akatafuta pa kukaa. Wageni rasmi kumi na mmoja, wote wako udongoni, na kila mmoja kahutubia saa nzima, kwa saini yake yeye.

Tangu siku hiyo haijapata kuonekana ofisi iliyojali wagonjwa namna ile. Hezron alizunguka kata nzima akiuliza nani anakohoa. Kwa Bibi Atupokile, mama mkwe wa Ikupa, mwenye miaka tisini na kifua kibovu, alifika asubuhi na jioni.

"Bibi, leo unajisikiaje?"

"Nafuu, mwanangu."

"Nafuu kabisa?" Uso ukamshuka.

Jumapili bibi akamkamata mkono. "Gwe mwanangu, sema ukweli. Unaniombea nini?"

Hezron aliona haya, na safari hii moyo haukungoja ratiba. Ikupa akamwekea karatasi mbele yake. "Futa waraka. Watoto wa kata nzima wamekaa mwaka hawajabatizwa, wazazi wanaona aibu kuita watu bila chakula. Mchungaji yuko tayari. Jumanne tunabatiza, tunapika, na mkaguzi wako atawakuta watu."

Hezron akasaini, akagonga muhuri mara tatu.

Jumanne watu walifurika. Ndizi, maharage, nyama, watoto wakilia kwa maji ya baridi, wanawake wakipiga vigelegele. Mama Veronika alifurahi mno.

"Sasa nataka kuwaona wageni rasmi wale kumi na mmoja," akasema. "Watu wamehutubia saa nzima na posho hawakudai, katika nchi hii hii! Lazima niwape mkono."

"Wamesafiri," Hezron akawahi.

"Wamesafiri wapi?" Bibi Atupokile akadakia kutoka kwenye kigoda chake, sahani imejaa mapajani. "Wako hapo nyuma ya kanisa. Ikupa, mpeleke mgeni."

Nyuma ya kanisa palikuwa na makaburi kumi na moja mapya, misalaba bado myeupe. Mama Veronika alisoma majina moja baada ya jingine. Kisha akaitoa taarifa mkobani, akafunua ukurasa wa kwanza, akasimama mbele ya msalaba wa mzee Meshaki.

"Huyu umeandika alijibu maswali ya washiriki," akasema taratibu. "Hebu nieleze, Bwana Hezron. Alijibu nini?"

Hezron akalitazama kaburi la mzee Meshaki. Mzee Meshaki hakumsaidia.