Saa Iliyosimama kwa Huzuni

Saa ya mnara wa jiji ilisema saa mbili kasoro dakika kumi, kama ilivyosema jana na juzi na kila siku kwa miaka ishirini na miwili. Chini yake, kwenye benchi la zege lililoegemea ukuta wa Ukumbi wa Jiji, watu walikuwa wanakunywa kahawa bila presha. Kazi zinaanza saa mbili, na mshale uko palepale. Haraka ya nini?

Mzee Sekunde, fundi saa, alikuwa amebana lenzi jichoni akichokoa tumbo la saa ya mteja. Mama Buli, mwenye kahawa yake, alikuwa anasuuza vikombe. Historia, mtembeza wageni, alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu kabla ya kwenda kuwadanganya watu. Ndipo akaja mbiombio Faili, tarishi wa Ukumbi wa Jiji, na gazeti la bosi wake ambalo bosi mwenyewe hajalitia machoni.

"Jamani, tumetoka gazetini!"

"Kafa nani?" Mama Buli akadakia.

"Hajafa mtu! Saa yetu hii. Sikilizeni: 'Saa ya Huzuni kuwa kumbukumbu ya taifa. Wazee wa mji wanasimulia kwamba saa hiyo ilisimama yenyewe dakika ileile Meya wa Kwanza alipokata roho, na tangu hapo imekataa kutembea.' Ijumaa hii Meya anazindua kibao, saa mbili kasoro kumi juu ya alama. Wakimaliza, mlango wa mnara unachomelewa. Marufuku mtu kuigusa, milele na milele!"

Lenzi ikamdondoka Mzee Sekunde, ikabingirika mpaka chini ya jiko la Mama Buli. Hakuinama kuiokota.

"Huzuni gani?" akauliza. "Meya wa Kwanza alifariki Jumapili jioni, ng'ambo, kitandani. Na saa ilikuwa imeshasimama miaka mitatu kabla yake! Ilimlilia akiwa mzima?"

"Labda ilihisi," akasema Historia, macho kwenye viatu.

"Ilihisi nini? Saa hii niliisimamisha mimi!"

Akatoa kwenye mfuko wa shati kikopo cha bati, akakifungua. Ndani, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na gurudumu la meno la shaba, dogo kama kifuniko cha chupa, linang'aa. Wote walishaliona mara mia, lakini leo walilitazama kama maiti ya jirani.

"Nililichomoa Jumatatu nikalisafishe. Jumatano nikarudi nalo. Mlinzi akaniambia, mzee, una kibali cha kutoa kifaa, kibali cha kuingiza kiko wapi? Nikaenda ofisini. Wakasema fomu ya kuingiza haipo, andika barua."

"Na hiyo barua naijua, mzee wangu," Faili akasema kwa huruma. "Nimeibeba kwa mikono hii kutoka chumba namba nne kwenda namba saba, na kutoka saba kuirudisha nne. Ile barua imetembea kuliko saa yenyewe. Lakini si wanasema mvumilivu hula mbivu?"

"Zimeoza, mwanangu! Marehemu mke wangu nilimwambia Jumatano nalirudisha. Mpaka anafumba macho alikuwa ananiuliza, Jumatano ya lini?"

Mama Buli akaacha kusuuza. Yeye na marehemu walikuwa mtu na dada yake, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja.

"Hebu kwanza," akasema, mikono kiunoni. "Hao wazee wa mji waliosimulia ni akina nani? Mzee wa mji hapa ni shemeji. Na hakusimulia."

Benchi zima likageuka kumtazama Historia. Historia akafungua tai kidogo.

"Sasa mnanitazama mimi?"

"Mficha uchi hazai, baba," akasema Mama Buli. "Sema."

"Ni hivi. Mgeni mmoja aliniuliza kwa nini saa ya jiji kuu imekufa. Ningemjibu nini? Kwamba fomu haipo? Nikaona nisitie nchi aibu. Nikamwambia ni huzuni. Akatoa machozi! Akaandika kitabu. Watu wa Ukumbi wakasoma kitabu, wakanukuu, wakasema ni wazee wa mji."

"Yaani uongo umetoka kwenye benchi hili," Faili akasema, "ukapanda ndege, ukarudi na mhuri!"

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema Mama Buli.

"Yangu imefika mpaka Ukumbi wa Jiji, Mama."

"Na ile sanamu ya kwenye mzunguko wa barabara? Unayosema ni shujaa anatuonyesha kesho yetu?"

"Ni shujaa."

"Anaonyesha choo cha halmashauri! Fuata kidole, utafika."

"Hata shujaa mwenyewe si wetu," Faili akaongeza. "Nimeona karatasi zake. Tuliagiza shujaa wetu ng'ambo, kreti likafunguliwa akatoka mtu wa kwao huko, ana mwavuli. Wakaona kurudisha usumbufu, wakamkata mwavuli wakamvisha jina."

"Na chemchemi kavu ya bustanini, umewaambia wageni nini?"

"Kwamba maji hutoka usiku, watu wakilala."

Mtu mwingine angecheka. Mzee Sekunde alikuwa anafunga kikopo chake. Ilimuuma. Aibu ya miaka yote aliibeba mgongoni, mitaani anaitwa fundi aliyeua saa, akaivumilia kwa kuwa alijua iko siku atailipa kwa kazi. Sasa wanachomelea mlango.

"Ijumaa," akasema. "Nina mpaka Ijumaa."

Faili akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mimi nimepewa ufunguo wa mnara. Ijumaa asubuhi nifagie buibui kabla wakubwa hawajaja. Kazi yenyewe nzito, nahitaji msaidizi."

"Weee!" Historia akaruka. "Mkiiwasha mimi nitaonyesha nini? Saa inayotembea iko kila mji!"

"Umekula huzuni ya shemeji yangu miaka yote hii," Mama Buli akamwambia, "na bado hujashiba?"

Historia akanywa kahawa iliyopoa.

Ijumaa Mzee Sekunde alipanda ngazi tisini na moja, akipumzika kila baada ya kumi, Faili nyuma yake na ufagio. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vilikumbuka njia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akapaka mafuta, akalisukuma gurudumu, likaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Akaitia saa ufunguo mpaka mwisho. Ilibaki kuisukuma timazi, lile pande la shaba linalobembea, saa ipate roho.

"Sukuma basi, mzee!"

"Subiri. Mishale iko kwenye mbili kasoro kumi. Nikisukuma sasa itadanganya, na uongo umetosha."

Akatazama saa ya mkononi. Chini, vipaza sauti vilikuwa vinaunguruma. Meya akamaliza kusoma hotuba, akafunua kibao, akasema, "Sasa tusimame dakika moja ya ukimya, kama saa yetu." Uwanja mzima ukanyamaza.

Saa mbili kasoro kumi. Mzee Sekunde akasukuma.

Ka. Ka. Ka. Ka.

Katika ukimya ule, mlio ulisikika mpaka kwenye mzunguko. Mshale mkubwa ukaruka hatua moja, na mwanamke mmoja akapiga ukelele. Meya alikodoa macho juu, mdomo wazi. "Leo tunalala ndani," Faili akanong'ona. Kisha sauti ikarudi kwenye vipaza.

"Wananchi! Mmeona wenyewe? Mameya sita wamepita, saa imekataa. Mimi nimegusa kibao tu, imekubali! Huzuni imekwisha!"

Bendi ikalipuka.

Mzee Sekunde aliposhuka, Historia alishakusanya wageni wanane. "Kwa macho yangu haya," alikuwa anawaambia, "imeanza yenyewe." Iliuma, asiseme mtu haikuuma. Fundi akasogea kwenye kibao, akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akasoma: *Saa hii ilisimama kwa huzuni na haitatembea tena.* Juu ya kichwa chake ilikuwa inatembea.

"Si wakifute?"

"Kimeshachongwa, mzee wangu," akasema Faili. "Labda uandike barua."

"Na mchomeleaji?"

"Kibali chake kiko chumba namba saba."

Wakakaa kwenye benchi na wenzao, Mama Buli akamimina kwa furaha, vikombe kumi kwa mpigo. Mzee Sekunde akainua chake, akafumba macho, akasikiliza. Alitamani mtu mmoja tu awe hai asikie. "Ndiyo hii, mama watoto," akasema polepole. "Jumatano imefika Ijumaa."

Hapo kengele ikalia juu ya vichwa vyao. Benchi zima likaruka.

"Saa mbili!" Faili akapiga kelele. "Daftari la mahudhurio!" Karani wa ushuru akamwaga kahawa kwenye suruali, mwalimu wa hesabu akakimbia akiwa amevaa kofia ya mwenzake. Kwa miaka ishirini na miwili walikuwa na dakika kumi zisizoisha, na sasa zimeisha. Kufumba na kufumbua wakabaki wawili, na vikombe kumi vinafuka mvuke.

Mama Buli akaitazama birika yake iliyojaa, akatazama mnara, akamtazama fundi.

"Shemeji."

"Naam."

"Hilo gurudumu. Halijaanza kushika uchafu?"

Mzee Sekunde akakigusa kikopo kitupu mfukoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nikilichomoa leo," akasema, "Jumatano nalirudisha."