Kamati ya Rifandi Yangu Ivunjwe, Tena Mimi ni Mzima

Sugar Land, Texas
9 Mei

Kwa Ndugu Leonce,
Mwenyekiti wa Kamati ya Rifandi ya Elirehema,
ambaye pia ni kaka wa mke wangu,
Fort Worth.

YAH: KUVUNJWA KWA KAMATI, NA TAARIFA KWAMBA MHUSIKA YUKO HAI

Shikamoo shemeji,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa kamati yako haijawahi kumaliza jambo kwa kusoma kichwa tu, naomba nifafanue. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimetoka kazini sasa hivi na shati limenigandia mgongoni, kwa sababu AC ya gari langu ilikufa mwaka jana na joto la huku Houston unalijua. Shida yangu ni hiyo moja tu. Nataka AC. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Sikuomba kamati. Kodi yangu ni ya watu wa kawaida: karatasi moja ya mshahara kutoka hospitali ninakofanya kazi, na nyingine ya mke wangu. Nilikaa mezani Jumamosi asubuhi, nikajaza kwenye kompyuta, nikatuma, na chai ilikuwa haijapoa. Bure kabisa, sikumlipa mtu. Kosa langu ni kwamba siku ya Pasaka, nikiwa kwako na mdomo umejaa pilau, nilitamka kwamba nitapata rifandi, yaani serikali itanirudishia kodi niliyokatwa zaidi, dola elfu moja na mia nne. Ukakohoa. Tikitimaji lilipoletwa, wewe tayari ulikuwa Mwenyekiti, mke wangu Prudensia Katibu, na mdogo wenu Angel Mweka Hazina. Mimi mwenye hela nikateuliwa kuwa mjumbe mwalikwa, asiye na kura.

2. Hoja ya AC niliiwasilisha kwa maandishi. Katibu, ambaye nalala naye chumba kimoja, akaiweka kwenye Mengineyo. Shemeji, wewe ni mtu mzima, unayajua Mengineyo. Tumekutana mara tatu, na mara zote tukikaribia hapo kuna mtu anatazama saa, anasema njia ni ndefu, tufunge kwa sala.

3. Vikao vinaila rifandi. Cha kwanza kilikuwa kwangu, cha pili kwako, na kila upande ulidai hela ya mafuta. Cha tatu mkasema tukutane katikati ili kubana matumizi. Tukakodi chumba cha hoteli huko njiani, tukayabana matumizi mpaka yakafika dola mia tatu. Juu ya hapo kuna Kamati Ndogo ya Chakula, ambayo imeshanunua sufuria la kulisha watu mia, kuna Kamati Ndogo ya Usafiri, na kuna Kamati Ndogo ya Ukumbi. Niliuliza ukumbi wa nini. Nikajibiwa kwamba hakuna kamati isiyo na ukumbi. Nikakubali, maana kweli sijawahi kuiona.

4. Sasa bajeti ya kuitumia rifandi imeizidi rifandi, kwa hiyo kamati imeamua kuchangisha. Haya. Lakini kadi ya mchango imeletwa mpaka nyumbani kwangu, jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, naombwa kwa unyenyekevu mkubwa nichangie rifandi yangu mwenyewe! Singo dola mia mbili, dabo, yaani mimi na mke wangu, mia tatu. Jamani! Mke wangu ameibandika kwenye friji, na kila nikienda kuchukua maji ya baridi naikuta inanisubiri.

5. Kundi la WhatsApp. Mlilifungua bila kunishirikisha, mkalipa jina langu na mwaka, mkaweka namba ya Mweka Hazina na neno michango. Yote hayo ningeyavumilia. Lakini ile picha! Katika picha zangu zote ukachagua ile ya suti, nyeusi na nyeupe, nimetazama pembeni kidogo kama mtu anayeitwa. Shemeji, wewe umekulia kwetu. Mtu akiingizwa ghafla kwenye kundi lenye jina la mtu, picha ya namna hiyo na namba ya michango, ataelewa nini? Watu sitini na tatu wameelewa hivyo hivyo. Pole zilianza siku ile ile. Mama Véronique, Mkongo wa huko kwenu Fort Worth ambaye hata hatujuani, aliandika kwamba Mungu aipe familia nguvu, akatuma dola ishirini. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba MIMI NI MZIMA. Nikajibiwa Amina, kweli yu mzima mbele za Bwana. Mwingine akashauri simu ya marehemu ifungiwe kabatini, kuna mtu anaichezea. Naye Mweka Hazina, badala ya kusahihisha, akatoa risiti.

6. Jana jirani yetu Gakii, Mkenya, alikuja na hotpoti ya chapati, amevaa nguo nyeusi. Nilimfungulia mlango mimi. Akanitazama, akaniambia pole sana, akasema nafanana mno na kaka yangu. Nikamwita mke wangu anitambulishe. Katibu akasema hawezi kulizungumzia jambo ambalo halijapita kwenye kikao. Chapati zilikuwa laini, hilo sikatai, lakini huwezi kuzifurahia wakati unaombolezwa.

Kwa hayo, naomba kamati ivunjwe leo, kundi lifungwe, sufuria lirudishwe dukani, na dola mia saba na kitu zilizobaki nikabidhiwe mkononi. Fundi wangu, Sheldon, amesema zinatosha kabisa kwa AC, na amenishikia nafasi ya Ijumaa. Nikiikosa, Agosti mtanizika kweli, na siku hiyo msije mkasema hamkuwa na ukumbi.

Ombi hili likikataliwa, nitachukua hatua kali. Nitawaambia kazini wapunguze kodi wanayonikata kwenye mshahara, ili mwakani serikali isinirudishie kitu, bali inidai. Deni likifika, nitaiitisha kamati hii hii, na vyeo vile vile, na kadi za wino wa dhahabu, nione kama akidi itatimia.

Nisalimie mkeo na watoto. Mama mkwe akipiga simu kutoka nyumbani mwambie sijambo, na umwambie taratibu, asije akashtuka. Wasalimie pia wajumbe wa Kamati Ndogo zote, hata wale wa Ukumbi, sina ugomvi na mtu.

Wako mtiifu, anayepumua na anayetokwa jasho,

Elirehema,
Mjumbe Mwalikwa

Nakala: Katibu (nimemwekea juu ya mto wake).

NB: Shemeji, nilikuwa nimeshamaliza barua, nikafungua kundi ili nijitoe. Kabla sijabonyeza nikaona Edson ameandika. Edson wa Dallas, yule tuliyepanga naye chumba kule Gulfton, hapa hapa Houston, tulipokuwa wageni, ambaye hatujasemezana miaka sita kwa ajili ya ujinga wa kochi, nani alilinunua na nani aondoke nalo. Ameandika kirefu. Anasema alipofika hapa hana kitu, mimi nilimwachia kitanda changu nikalala chini mpaka alipopata kazi, na kwamba hakuwahi kuniambia asante, na sasa amechelewa. Mimi nilishasahau kabisa habari za kitanda. Ninachokumbuka ni kochi tu. Nimelia shemeji, sioni aibu kukwambia.

Anakuja msibani Jumamosi na mkewe. Na wengine kama arobaini wamesema wanakuja, wa Dallas, wa Fort Worth, wa hapa Houston, watu ambao tangu tuje nchi hii tunaishia kuambiana tutatafutana. Sasa watu hawawezi kuendesha gari kwa muda wa saa nne halafu wakapewa soda na biskuti. Kwa hiyo naiondoa hoja yangu. Kamati isivunjwe. Rambirambi zote zirudishwe kwa wenyewe, hata zile ishirini za Mama Véronique, naye aambiwe aje kula. Hela yote iliyobaki ya rifandi inunue mbuzi na mchele, na wale wa Ukumbi wafanye haraka, kumbe walikuwa na akili kuliko sisi wote. Sheldon nimeshampigia, nimemwambia nafasi ya Ijumaa ampe mtu mwingine. Gari lina madirisha manne na yote yanashuka.

Ila Edson asiambiwe kitu. Amesema ameandaa hotuba. Mwacheni aisome yote, asifupishe hata neno. Mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.