Cheti cha Utulivu

Kuanzia Jumatatu ile, wilaya nzima ilipona upungufu wa damu. Haikutumika dawa hata chupa moja. Mkurugenzi wa Ustawi wa Watoto alifuta tu neno "upungufu" katika taarifa zote, kwa kuwa, kama alivyoeleza kwa upole, hiyo ni lugha ya watu wasiojituma.

"Sasa mtoto asiyekua nimwandikeje?" aliuliza muuguzi mkuu wa kliniki. "Viganja vyeupe, hachezi, anakwangua udongo wa ukutani anakula. Damu yake haina madini ya chuma ya kutosha."

"Analia?"

"Hana hata nguvu ya kulia."

"Basi ni mtulivu!" Mkurugenzi aliona raha, raha ya mtu aliyemaliza kazi kabla ya chai. "Andika: mtoto mtulivu. Na huo udongo, andika anapenda mazingira."

Kwa kuwa upungufu haukuwepo tena, dawa ya kuongeza madini ya chuma ilirudishwa bohari kuu kwa heshima zote, na gari lilelile lililoipeleka likarudi na kipaza sauti. Sherehe ilikuwa lazima. Kila mtoto mtulivu angepewa cheti, na mtulivu kuliko wote angebebwa na Mkurugenzi mwenyewe mbele ya kamera.

Akina mama wakaja, wamebeba watoto wa miaka miwili wenye miili ya mwaka mmoja. Mabenchi yalijaa, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba Mkurugenzi alisikia viatu vyake vipya vikilia. Watoto wote wale, na hakuna hata mmoja anayesumbua! Alijipongeza kimoyomoyo.

Muuguzi akamwita mshindi kwa kipaza sauti. Aliyeinuka alikuwa binti wa Mkurugenzi, na begani kwake alilala mjukuu ambaye babu, kwa wingi wa vikao, hakuwa amemtia machoni kwa muda mrefu.

"Wewe! Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia, Baba. Ukanisomea waraka wako wa kufuta upungufu."

Mkurugenzi alimpokea mtoto na kushtuka alivyokuwa mwepesi. Alimfunua kiganja, kilikuwa cheupe, hakina tone la wekundu. Akamtikisa, akamwita. Mtoto alifumbua macho kidogo, akayafumba. Hapo mzee akaogopa kwelikweli.

"Dawa," alimnong'oneza muuguzi. "Lete dawa!"

"Ya nini, mheshimiwa? Mjukuu wako ni mtulivu. Hongera sana."

"Usinitanie, huyu ana..."

"Ana nini? Bohari hawatoi dawa bila kutajiwa ugonjwa, na sisi umetukataza kuutaja."

"Ana upungufu wa damu!"

Kipaza sauti, mali ya serikali, kilifanya kazi yake kikamilifu. Hata wauza nyanya barabarani walisikia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa benchi la nyuma alisimama, mwanawe kamlalia kifuani.

"Na hawa wetu, mheshimiwa? Wana nini?"

Mkurugenzi alimgeukia dereva wake. "Kimbia bohari, uniletee chupa moja. Haraka!"

"Zote," alisema yule mama. Alisubiri dereva atoke, akatia komeo mlango wa ukumbi, akavuta benchi na kuketi mbele ya mlango huo.