Wino wa Zambarau na Posa Thelathini na Tatu

Itetemia, Tabora
Jumatano, 14 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu,
Ndugu Kornel,

YAH: KUPINGA UAMUZI WAKO WA JANA KWAMBA "BARUA NI BARUA"

Ndugu Mwenyekiti, natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote, akiwemo mama mkwe wako, ambaye ndiye sababu ya mimi kushika kalamu. Mimi ni Abbasi Lugembe, fundi mizinga ya nyuki. Baba hakuniachia hata nyundo. Kila nilichonacho nimekipima mwenyewe na kukikata mwenyewe. Nakuandikia kama mtu wa vipimo, si kama mhuni, jina ulilonipa jana mbele ya watu kumi na tisa.

Naanzia mwanzo. Nataka kumposa Ruqayya, binti wa Mzee Alamin wa mjini. Baba yake alimwambia mshenga wangu kwamba kwao posa haiandikwi kwa biki. "Anayeposa kwa biki ataacha kwa meseji," alisema. Akaongeza kwamba barua za babu zake zilitoka pwani mpaka Ujiji vichwani mwa wapagazi, zikavuka mito, na herufi zikafika hazijachubuka. Yangu inatoka Itetemia kwenda mjini kwa baiskeli, lakini nilimwelewa. Nikanunua kalamu ya wino, ile ya kujaza, na kichupa cha wino wa zambarau. Bluu ni ya polisi na zahanati, nyeusi ya matangazo ya msiba, nyekundu ya mwalimu, na kijani sijui ni ya nani ila kila ninapoiona nimepata matatizo. Zambarau haikuwa na mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeyaita majaribio yangu "kampeni". Mwenyekiti, nilijaribu aina kumi na moja za karatasi kwa wiki saba. Kwenye kila karatasi niliandika posa yote mara tatu: kalamu ikiwa imejaa, ikiwa nusu, na ikikaribia kukauka. Kumi na moja mara tatu ni thelathini na tatu. Karatasi ya daftari la shule iliufanya wino uote mizizi. Ya printa iliunywa kama ng'ombe wa Igunga aliyefika lambo mwezi wa kumi. Mfuko wa saruji uliigeuza zambarau kuwa rangi ya kidonda. Nyuma ya kalenda wino ulichukua dakika kumi na moja kukauka, na hapo nilikuwa naupepea kwa kofia. Iliyofaulu ni moja tu, kadi ya mchango wa harusi ya mtu mwingine, na huwezi kuposa mgongoni mwa harusi ya watu. Mtu wa kampeni hapimi dakika.

2. Uliniuliza kwa nini niliweka saini na namba ya simu kwenye karatasi za kujaribia. Saini ndipo mkono unapokandamiza, na tarakimu nane ikijaa wino husomeka sifuri. Ningejuaje bila kujaribu? Jina la binti sikuliandika hata mara moja, kwa adabu, maana jina la mtoto wa watu si la kujaribia kalamu. Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Posa isiyo na jina la binti humtosha kila binti.

3. Ulikataa ushahidi wa Tatu. Jirani yangu huyu, muuza karanga, alizikuta karatasi nyuma ya karakana yangu akaniuliza, "Abbasi, hizi unazitupa?" Nikamjibu, "Chukua, hazifai kitu." Akazikata kila moja vipande vitatu, akakunja, akafungia karanga, akauza stesheni na stendi. Hayo maneno "hazifai kitu" ni tamko langu, nililitoa mbele ya shahidi kabla karanga ya kwanza haijauzwa. Jana alipotaka kulithibitisha ulimwambia, "Mama, wewe uza karanga."

Hesabu yake ni hii. Posa thelathini na tatu; sita jirani yangu alikuwa bado anazo; ishirini na saba zilitoka. Zilizojibiwa ni tano. Moja ilipanda treni ikashukia Tura. Nyingine ilifika Igunga, na mzee aitwaye Mhoja akanipigia.

"Wewe ndiye Abbasi? Sisi kikao tumeshakaa. Swali letu moja tu, binti yetu Kashindye umemwonea wapi?"

Nikamwambia sijawahi kumwona popote.

Akasema, "Basi una heshima sana, kijana."

Nina miaka arobaini na sita. Na ishirini na mbili bado hazijajibiwa, na watu wameshavuna, wana nafasi ya kusoma.

4. Mama mkwe wako. Ana miaka sabini na moja na ni kama mama yangu mzazi. Alipomaliza karanga akasomewa karatasi, alisema, "Na mimi ni binti wa mtu." Siwezi kupinga hilo. Ninachopinga ni kasi. Kesi ya mbuzi wangu kwako ilichukua miezi minane. Hii uliisikiliza na kuamua kwamba nimemposa kwa dakika nne, nilikuwa na saa. Na mama amekaa nyumbani kwako miaka tisa. Sisemi kitu, Mwenyekiti. Naziweka tu hizo namba zikae jirani. Ila wakati tunatoka ulinishika bega ukauliza kama chumba changu cha nyuma kina dirisha.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mzee Alamin amezisikia habari za Igunga. Amesema keshokutwa, baada ya sala ya Ijumaa, analifunga jambo la Ruqayya, isipokuwa nikimpelekea barua yenye muhuri wako kwamba sina posa kwingine. Muhuri huo uko mezani kwako, na wewe umeshaniposea mama mkwe. Nimekaa miaka sita peke yangu. Ruqayya alipokuja karakana kununua mzinga, aliushika, akaugeuza, akaniambia, "Fundi, upande huu umepungua sentimita mbili." Nikapima. Zilikuwa mbili. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kunisahihisha akawa sahihi.

Kwa hiyo naomba uamuzi wa jana ufutwe. Naomba utangaze kwamba karatasi ya kujaribia si barua, kama vile ubao wa kujaribia msumeno usivyo mzinga. Hakuna nyuki atakayeingia humo. Vipande vyote virudishwe kwangu, na muhuri niupate kabla ya adhuhuri ya Ijumaa.

Nisalimie mkeo, nisalimie balozi wetu na wote kumi na tisa waliokuwepo. Mama mpe shikamoo yangu, na umwombe aipokee kama shikamoo tu.

Ni mimi, niliyeonewa kwa vipimo kamili,

Abbasi Lugembe
Fundi mizinga

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mshenga wangu amefika kutoka mjini. Kumbe Ruqayya naye hununua karanga kwa Tatu. Kipande kimoja kimekuwa kwake tangu tarehe 3, cha karatasi ya daftari, ile iliyoota mizizi, na leo asubuhi amempa baba yake. Mzee Alamin amelowesha kidole akasugua, na zambarau haikutoka. Mafuta ya karanga yameushika wino, jambo ambalo mimi kwa wiki saba sikulipima. Akasema, barua ni barua. Ruqayya ameniagizia maneno mawili tu: "Aache kujaribu."

Basi, Mwenyekiti, nayafuta malalamiko namba moja mpaka tano. Uamuzi wako ni wa busara na usimame kama ulivyo. Muhuri siuhitaji tena. Naomba tu uangalie tarehe. Kipande cha Ruqayya kilifika tarehe 3 na cha mama tarehe 9, kwa hiyo mama ni wa pili. Dini yangu inaruhusu wake wawili, na mimi sitampinga Mwenyekiti wangu mara mbili kwa wiki moja. Imebaki idhini ya Ruqayya, na wa kwenda kumwomba si mimi.