Edita ya Kitufe Yaulizwa Swali na Shemeji

Ujumbe uliingia kwenye simu za watu wawili, ukatuharibia kahawa wote. Benchi letu liko nje ya duka la Pindo, fundi cherehani. Mchana huo tulikuwa wanne: Pindo na futi yake shingoni, mimi na simu yangu mkononi, halafu waandika programu wawili wa ile ofisi ya ng'ambo ya barabara, Kitufe na kijana anayefanya kazi chini yake, tunayemwita Toleo Jipya.

Ofisi inatangaza: kuanzia leo kila mtu aandikie kazi kwenye programu moja kubwa ya kisasa. Edita za zamani, zile programu ndogo za kuandikia, zinafutwa kwenye kompyuta zote, mchana huu huu.

Toleo Jipya akafurahi utadhani kapewa mke. Akatusomea sifa za hiyo programu mpya: inakuonyesha ulipokosea, inakisia unachotaka kabla hujakitaka. Inachelewa tu kidogo kufunguka.

"Kidogo," Kitufe akasema. "Jana umeifungua, ukaenda msalani, ukarudi, ukampigia mama yako, bado inakusalimia."

"Kaka, na hilo dude lako la edita ni ukuta mweusi tu."

"Mweusi kwako, hujalifundisha kitu."

Ndipo akatueleza. Edita yake unaiongezea mwenyewe unachotaka, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ya kwake inasoma barua pepe, inapiga muziki, inamkumbusha kunywa maji. Pindo akaelewa kabla yangu: kumbe ni nguo ya kupimwa mwilini na nguo ya dukani.

"Ila mzee," akasema, "wewe umeiongezea mifuko mpaka imekuwa begi."

Mimi nikauliza, kwa utani tu jamani, kama inamjibu hata shemeji.

Kitufe akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ikabidi aseme. Ujumbe wa mkewe unaingia hadi kwenye kompyuta ya ofisini, edita inausoma, inajibu. Akiuliza umefika, inajibu nimefika salama laazizi. Akiuliza umekula, inajibu nitashibaje na wewe uko mbali. Maneno aliyaingiza mwenyewe wiki ya harusi, mengi, na edita inayachanganya inavyojua. Tangu waoane hawajagombana hata siku moja.

"Na sasa hivi wanaifuta," Pindo akasema polepole, kama fundi aliyekosea kukata kitambaa cha mteja.

Simu ya Kitufe ikatetemeka juu ya benchi. Shemeji: Umekula?

Tukaitazama kama mgonjwa. Edita haikujibu, huenda walishaizima.

"Jibu basi," Pindo akamwambia. "Vidole si unavyo?"

Kitufe akaandika kwa kidole kimoja: Ndiyo.

Shemeji: Wewe ni nani?

Mumeo.

Mume wangu hazungumzi hivyo. Umemuibia simu. Kama ni yeye kweli, asubuhi aliniambia nini kuhusu macho yangu?

Kitufe akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba kati yetu kuna aliyekuwepo. Toleo Jipya, kwa upole wa kinafiki, akamshauri asubiri programu mpya imkisie. Nikamwambia apige. Akapiga, ikakatwa. Ukaja ujumbe wa mwisho: Nakuja hapo ofisini kwake na kaka zangu wawili. Simu hiyo utaitapika.

Jasho lilimtoka Kitufe kama limefunguliwa bomba. "Wasiifute," akasema, anajisemea mwenyewe, "wasiifute," na huyo akavuka barabara mbio, kiatu kimoja akatuachia sisi.

Toleo Jipya alicheka mpaka simu yake nayo ikatetemeka. Akaisoma. Kicheko kikakatika. Nikachungulia, ni mchumba wake: Mbona siku hizi unanijibu "sawa" tu?

Akasimama, akapaza sauti. "Kaka, hilo faili la laazizi, kwenye programu mpya litafanya kazi?"

"Halifanyi," ikarudi sauti kutoka mlangoni mwa ofisi.

"Basi wazuie, nakuja."

Akaokota kile kiatu, akakimbia nacho. Pindo akakunja futi yake, macho yakiwa mwisho wa barabara, ambako mwanamke mmoja na wanaume wawili wapana walikuwa wanakuja bila haraka.

"Hawa wakifika tuwaambie nini?"

"Wasubiri kidogo," nikasema. "Bado inafunguka."