Ndoo Nne za Maganda kwa Watu Wawili

Kasingirima,
14 Aprili 1997

Kwa Msimamizi,
Mradi wa Ndoo za Mabaki ya Chakula.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini u mzima. Mimi ni Mwalimu Leodgar, mkaaji wa mtaa huu, niliyeandikishwa katika daftari lako kuwa na watu wawili: mimi na mke wangu Stephania. Nimepokea barua yako isemayo kwamba ndoo zangu zimezidi, na kwamba Alhamisi atakuja afisa wa wakimbizi kuhesabu wanaolala kwangu. Nina malalamiko.

1. Karani wako amepiga hesabu kwamba watu watatu hujaza ndoo moja kwa wiki. Mimi hutoa nne, basi akaandika "watu kumi na wawili". Nafundisha hesabu mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika kuzidisha kwake sioni kosa. Kosa ni la adabu. Tangu lini maganda ya muhogo yakatoa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba?

2. Bonifasi, msukuma mkokoteni wako, alichokonoa ndoo yangu kwa kijiti barabarani, majirani wakitazama, akasema kwa sauti: "Mwalimu, haki ya Mungu, hapa kwako mnakula kama kambi!" Neno hilo kambi lilinikata maini. Wakati huohuo jirani yangu Filemoni, anayemwaga mabaki yake yote ziwani, ndoo yake hukutwa tupu, naye amepewa cheti cha usafi.

3. Ukweli ni kwamba mimi na mke wangu tunakula sana. Mimi peke yangu humaliza ugali wa watu sita na migebuka minne, vichwa navitupa. Wembamba wangu usikutie shaka, ni wa ukoo. Sahani kumi na mbili zinazoanikwa uani ni kwa sababu tunapenda kubadilisha sahani. Mikeka ni ya mgongo wangu. Na kama afisa atasikia kichanga kikilia, ajue ni Stephania, ndivyo anavyolia akikasirika.

4. Maganda yetu yanageuzwa mbolea, na mbolea inapelekwa milimani Kalinzi kwenye mibuni. Sijasikia mbuni hata mmoja ukiuliza ganda limetoka kwa mwenyeji au kwa mgeni. Hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, tutambuliwe rasmi kuwa walaji wa kupindukia, nasi tupewe cheti, kiwe kikubwa kuliko cha Filemoni. Pili, afisa asije. Nasema wazi kwamba naogopa, sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Wanaopakiwa kwenye lori kwenda kambini hawaulizwi wana ndugu gani mjini.

Nakutakia kazi njema. Wasalimie wote ofisini, hata karani. Sisi wawili, tena wawili tu, tunakusalimu.

Wako mtiifu,
Mwl. Leodgar

Tanbihi: Nimeisoma barua hii hapa nyumbani kabla ya kuifunga. Mama mkwe wangu, Bibi Yusta, amekasirika. Anasema kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, barua haiondoki bila salamu za kila aliye ndani, na kwamba sikulelewa. Karatasi nyingine sina, na yeye simwezi. Basi anakusalimu yeye mwenyewe. Shemeji yangu Yakobo na mkewe Jovita. Watoto wao sita, ambao wanaisifu kengele ya mkokoteni. Na Mzee Anatoli, ambaye hatujui ni ndugu wa nani, ila walivuka naye katika mtumbwi mmoja.

Kwa hiyo hesabu ya karani wako ilikuwa sahihi mpaka juzi Jumamosi. Jana Jovita alijifungua mtoto wa kike. Jina bado hana. Ananyonya tu, hataongeza hata ganda moja kwenye ndoo, hivyo naomba Alhamisi huyo asihesabiwe.